Shule ya Masista na Daftari Lake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaipenda methali hii, maana ndiyo inayotupatia mkate wetu. Lakini juma lililopita ilinijia kwa namna ya kunihuzunisha.

Mama mmoja mtu mzima, wa upande wa Kitengela, alifika mezani pangu hapa Kajiado akitafuta cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuna aliyejali kumwandikia alipokuwa mtoto. Nikamwuliza kama anacho cheti cha shule. Akajibu kwa fahari, "Mwanangu, mimi nilisomeshwa na masista mpaka darasa la saba." Cheti kilikuwa kimepotea, na alipokwenda kuulizia shuleni aliambiwa kwamba madaftari ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Kilichomwokoa ni kadi ya ubatizo, kwa kuwa parokia ilikuwa imelitunza daftari lake. Nilimaliza shauri lake, akaenda zake akishukuru. Mimi nikabaki nikiwaza: ikiwa jina la mtoto laweza kupotea hivi, historia ya shule nzima imo mikononi mwa nani?

Basi leo, wasomaji wapenzi, nawawekea hapa machache juu ya njia iliyozileta shule za masista, mpaka zikafika katika nchi hii ya Wamasai.

Masista wa Loreto walifika Kenya kutoka Ireland mwaka 1921, wakafungua shule Msongari, Nairobi, ambayo siku zile ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Kwa shirika hilo, msichana Mwafrika alingoja mpaka mwaka 1936, walipomfungulia mlango kule Limuru. Huko Nyeri nako, masista wa Consolata walikuwa na shule ya bweni ya Mtakatifu Sesilia katika misheni ya Mathari. Humo ndimo alimoingia Wangari Maathai akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1956 alimaliza akiwa wa kwanza darasani, akaenda Limuru kwa masista wa Loreto, na mwaka 2004 ulimwengu mzima ukasikia kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini masomo yake hayakuanza kwa masista. Yalianza katika shule ya kijijini, Ihithe, kwa sababu kaka yake alimwuliza mama yao ni kwa nini dada huyu haendi shule kama wao wengine. Mama akafikiri, akakubali. Kabla ya sista, na kabla ya ubao na chaki, palikuwa na swali la ndugu mmoja nyumbani.

Huku kwetu mambo yalikawia. Mwaka 1959, mwaka uleule Wangari alipomaliza masomo yake Limuru, yalitukia mawili. Misheni ya African Inland ilifungua hapa Kajiado shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza ya namna yake katika Umasai. Na Kanisa Katoliki likaitenga Ngong iwe eneo la peke yake, kwa ajili ya Kajiado na Narok, chini ya mapadre wa Mill Hill. Mwaka 1976 Ngong ikawa jimbo kamili, na Askofu Colin Davies akaliongoza mpaka mwaka 2002. Siku zile mwalimu ndiye aliyemtafuta mtoto. Mzee mwenye ng'ombe aliuliza: binti akienda shule, ndama watachungwa na nani? Na mahari yake je? Kwa hiyo bweni halikuwa la kufupisha safari tu. Lilikuwa pia ukuta wa kumkinga binti asiozwe kabla ya wakati.

Kisha ukaja mwaka 1968 na sheria mbili. Moja ilikuwa ya elimu: shule nyingi za misheni ziliingia chini ya serikali, na Kanisa likabaki mfadhili. Ya pili ilikuwa ya ardhi, iliyowaruhusu Wamasai kumiliki malisho kwa vikundi. Sheria hiyo ya pili yatupeleka Kitengela. Malisho ya kikundi cha Kitengela yaligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake, wengi wakauza. Viwanda vya Athi River vikavuta watu wa kila kabila, na mahali palipokuwa pa swala na nyumbu pakawa mji. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kitengela watu zaidi ya 150,000.

Mji huo una shule nyingi, na shule ya masista huheshimiwa na wazazi wa dini zote kwa nidhamu na usafi. Lakini mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2003 shule za msingi za serikali hazidai karo, ila shule ya binafsi, hata ikiwa ya masista, lazima idai, kwani mwalimu hula na paa huvuja. Zamani shule ilimtafuta mtoto, na baba akakataa. Leo mtoto aitafuta shule, baba amekubali, na karo ndiyo inayokataa. Siwalaumu masista. Nasema tu kwamba waliotangulia walikuja kwa ajili ya yule asiyetafutwa na mtu, na haifai kazi iliyoanza hivyo isahau mwanzo wake.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni daftari. Kila shule ya masista, ya Kitengela hata ya Kajiado, na iandike historia yake wakati wanafunzi wa kwanza wangali hai: nani aliutoa uwanja, nani alichimba kisima, sista gani alifundisha. Madaftari ya mahudhurio yatiwe katika sanduku la bati, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Tena yasomwe! Msomaji atakuta majina yanayokoma katikati ya mwaka, mstari umebaki mtupu mpaka pembeni. Kila mstari mtupu una mtoto wake, na nyumbani kwake pana sababu. Wazee wa kamati wakikutana na masista, waiulize sababu hiyo jina kwa jina, na pale inapokuwa ni karo, wachange.

Nasi tulio nyumbani tusingoje kamati. Yule kaka wa Ihithe hakuwa na fedha wala cheo. Alikuwa na swali tu, akaliuliza kwa wakati wake.