Mazoezi Mafupi ya Uandishi wa Kubuni na Kujitafakari: Mfano wa Rondo

Ufundishaji wa insha katika shule za sekondari nchini Tanzania aghalabu hulenga mtihani. Mwanafunzi hupewa mada, huandika, kisha hurudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu. Tahajia na upatanisho wa kisarufi hupimwa, lakini mwandishi mwenyewe hasikiki. Kando ya insha ya namna hiyo, inafaa pawepo zoezi fupi la kubuni, la dakika kumi au kumi na tano, lisilosahihishwa wala kutolewa alama.

Uchukuliwe mfano wa kijana wa Rondo, uwanda wa juu ulio bara ya Lindi, ambako mivule ilivunwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Akitakiwa kuandika juu ya umuhimu wa misitu, atarudia aliyoyanakili ubaoni. Akitakiwa kuandika mistari kumi kwa sauti ya mvule ulionusurika msumeno, ukimtazama yeye akipita, hatakuwa na budi kujiona kwa macho yasiyo yake. Ubunifu humpa kinyago cha kusemea yale ambayo angeona haya kuyasema waziwazi.

Yapo maoni kwamba kujitafakari kwa namna hii ni ubinafsi wa kigeni. Maoni hayo hayana mashiko. Shaaban Robert aliyachunguza maisha yake mwenyewe katika *Maisha Yangu* na *Baada ya Miaka Hamsini*, wala hakuacha kuwa mwandishi wa jamii. Kusini mwa Tanzania, jando na unyago ni malezi ya tangu zamani. Hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi aliona heri kuliingiza jando katika maisha ya Kanisa kuliko kulipiga vita. Tofauti ni kwamba jando humfunza kijana anavyopaswa kuwa, ilhali zoezi humwuliza amekuwaje. Mafunzo hayo mawili yanahitajiana.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall uliochapishwa Marekani mwaka 1986, wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya matukio machungu pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, ingawa katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Kwa hiyo mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kufukua msiba, wala asimtake asome mbele ya wenzake. Daftari hilo ni amana.

Aidha, neno la Kimwera likijitokeza katikati ya Kiswahili sanifu, lisipigwe mstari. Huenda ndilo pekee linalobeba alichokusudia. Usanifu una siku yake, nayo ni siku ya insha. Vyuo vya ualimu havina budi kuwafunza walimu kuzitenganisha siku hizo mbili, kwani mwanafunzi anayehofia kalamu nyekundu huandika anachotakiwa kusema, si anachokijua.