Sindano ya Bega na Picha Yake: Majibu kwa Yasemwayo Rubona

Jioni, mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu hutoka ufukweni Rubona, nchini Rwanda, kwenda kuvua sambaza katika Ziwa Kivu, na wavuvi hupiga kasia kwa wimbo. Kazi ile yote iko begani. Bega likiteguka au msuli wake ukichanika, nyumba nzima hulala njaa. Waongeze na wamotari wanaoanguka na pikipiki zao, utaelewa kwa nini habari za upasuaji wa bega haziishi midomoni. Mengi yasemwayo juu ya sindano ya ganzi inayochomwa shingoni kwa ajili ya upasuaji huo, na juu ya picha ya ultrasaundi inayoiongoza, yanawatisha wagonjwa bure, na mengine yanawatuliza bure. Nayajibu moja baada ya jingine.

1. "Ultrasaundi ni ya wajawazito."

Mashine hii hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha husoma mwangwi unaorudi. Mwangwi hurudi kutoka kwa mtoto tumboni, na hurudi vilevile kutoka kwenye neva za shingo. Mwaka 1978 La Grange na wenzake walikwisha kuitumia kutafuta mshipa wa damu kabla ya kuchoma sindano juu ya mtulinga. Mwaka 1994, huko Vienna, Kapral na wenzake walichapisha matokeo ya kuchoma ganzi kwa kufuata picha yenyewe. Tena haina mionzi kama eksirei.

2. "Daktari mzoefu hahitaji picha."

Vidole vya mzoefu ni hazina, sibishi. Alon Winnie alieleza mwaka 1970 namna ya kuingiza ganzi kati ya misuli miwili ya shingo kwa kupapasa, na wagonjwa wengi walihudumiwa hivyo. Lakini kidole huhisi msuli, neva hakiioni. Ilibidi kusubiri mkono wa mgonjwa ushtuke ndipo daktari ajue amekaribia.

Tazama sasa. Daktari anapaka jeli, anaweka kichwa cha mashine ubavuni mwa shingo, na kwenye kioo yanatokea maduara matatu meusi yaliyopangwa wima kama vifungo vya shati. Hizo ndizo neva za bega, mara nyingi sentimita moja au mbili tu chini ya ngozi. Kando yake mshipa mkubwa wa damu unadunda. Sindano inaingia kama mstari mweupe. Ganzi ikimiminwa, giza linatanda kuzizunguka neva na kuzisogeza taratibu, kama maji ya ziwa yanavyouinua mtumbwi ulioketi mchangani. Isipotanda panapostahili, daktari anasimama na kurekebisha. Na miili haifanani: wapo watu ambao neva mojawapo hupenya ndani ya msuli badala ya kupita katikati ya misuli miwili. Kupapasa hakuwezi kumwonyesha daktari jambo hilo.

3. "Sindano ya shingoni hupoozesha mkono maisha yote."

Mkono kulegea ni kazi ya ganzi yenyewe. Nguvu hurudi baada ya saa kadhaa, pengine baada ya usiku mzima. Madhara ya kudumu kwenye neva hutokea kwa nadra sana. Niseme ukweli wote: haijathibitika kwamba picha huyapunguza hayo. Inachopunguza ni hatari ya ganzi kuingia kwenye damu na kuudhuru ubongo na moyo. Barrington na Kluger walilionyesha hilo mwaka 2013, walipochambua sindano zaidi ya 25,000 zilizochomwa Australia na New Zealand.

4. "Picha ikiwepo, hatari haipo."

Hili nalikataa kwa nguvu ileile. Karibu na neva za bega hupita neva inayoendesha kiwambo, msuli mkuu wa kupumua. Mwaka 1991 Urmey na wenzake waliwapima wagonjwa waliochomwa ganzi nyingi kwa njia ya zamani: wote, upande mmoja wa kiwambo ulilegea. Mwaka 2008 Riazi na wenzake, wakitumia picha, walilinganisha mililita 20 na mililita 5. Kwa mililita 5, waliolegea walikuwa chini ya nusu, na maumivu yalitulizwa vilevile. Kwa hiyo picha huruhusu dozi ndogo, lakini mwenye pumu kali au mapafu mabovu lazima aseme mapema, maana zipo sindano nyingine zinazokwepa neva ya kiwambo.

5. "Ni anasa ya Ulaya."

Mashine ileile inayompima mama mjamzito inaweza kuonyesha neva ikifungwa kichwa kinachofaa. Kilicho adimu ni mafunzo. Rwanda ilianza mwaka 2006 kuwafundisha nyumbani madaktari bingwa wa usingizi, kwa ushirikiano na wenzao wa Kanada, na bado sehemu kubwa ya kazi ya usingizi hufanywa na wataalamu wasio madaktari. Hao ndio wa kufundishwa kwanza. Ganzi iliyokaa vizuri humpunguzia mgonjwa haja ya mofini, na hiyo ni nafuu kubwa palipo na wauguzi wachache wa kumwangalia usiku.

Ndugu yangu wa Rubona, siku ukiambiwa bega lako lipasuliwe, uliza mambo matatu: nani atakayechoma, ataona wapi sindano inapoingia, na dawa ya kuokoa maisha ganzi ikienda mrama iko chumbani? Una haki ya kujibiwa yote kabla hujalala kitandani.