Usikubali kuambiwa 'ni mbwa tu'

Kama unafuga mbwa Kibera au Kawangware, stori hii unaijua. Mbwa anakataa chakula, anatapika, hata kusimama ni shida. Jirani anakupa namba ya "dokta". Dokta anafika na boda, begi mgongoni, anadunga sindano mbili bila kukwambia ni za nini. Unamlipa kwa M-Pesa, anaondoka. Kesho yake mbwa amekufa na simu ya dokta haishikwi. Watu wa ploti wanakwambia: achana nayo msee, ni mbwa tu.

Sisi tunasema usiachane nayo.

Kenya ina sheria ya madaktari wa mifugo na wahudumu wasaidizi wao, ya mwaka wa 2011. Chini ya sheria hiyo kuna Bodi ya Madaktari wa Mifugo, maarufu kama KVB, ambayo kazi yake ni kuwasajili, kuwapa leseni na kuwachukulia hatua wakikosea. Neno "mifugo" lisikuchanganye. Anayemtibu mbwa au paka yuko chini ya Bodi hiyo sawa na anayemtibu ng'ombe. Afisi zake ziko Kabete, na ukiwa Kawangware hapo si mbali.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaamini kulalamika ni mambo ya watu wa Lavington, wenye mbwa wa bei. Sheria haiulizi mbwa wako ni wa mbegu gani, wala kama unaishi kwa geti au kwa mabati. Katiba nayo, katika Kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa. Ulilipa, kwa hivyo wewe ni mteja.

Halafu kuna hili la kichaa cha mbwa, na hapa ndipo "ni mbwa tu" inakuwa maneno hatari. Ugonjwa huu ulirekodiwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Karne moja baadaye, mwaka wa 2014, serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana nao kufikia 2030. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba tukichanja asilimia 70 ya mbwa tunaweza kuukata mnyororo wa maambukizi.

Lakini chanjo hutunzwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa iliyoshinda kwenye begi juani huenda haina nguvu tena. Kadi itapigwa muhuri, wewe utalala ukijua mbwa yuko salama, na kumbe hana kinga. Sasa fikiria vichochoro vya Gatwekera au Gatina, watoto na mbwa wakipitana siku nzima. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa, karibu kila mara hufa. Kwa hivyo unapomripoti anayedunga chanjo feki, unamlinda mtoto wa jirani kabla hajaumwa.

Tuwe wa haki pia. Si kila mbwa anayekufa ameuawa na daktari. Pavo humaliza watoto wa mbwa hata wakipata matibabu mazuri, na wengi wetu huita daktari siku ya tano baada ya kujaribu dawa za kubahatisha. Bodi haiwezi kumwadhibu mtu kwa sababu wewe una uchungu. Inahitaji ushahidi.

Basi weka ushahidi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, maana una jina na tarehe. Piga picha chupa ya dawa, hasa jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha nguvu. Dai karatasi inayoonyesha alichotibu na dawa aliyotumia. Mbwa akifa na unashuku uzembe, usikimbilie kumzika: uliza kama mzoga unaweza kuchunguzwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo pale Upper Kabete. Kisha andika barua fupi: nani, lini, wapi, alifanya nini, na matokeo yakawa nini. Matusi yaache kando.

Ujue pia mipaka. Bodi inaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Kama unachotaka ni pesa zako, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Na ukigundua "dokta" hakusajiliwa kabisa, hilo ni kosa la jinai. Ripoti kwa polisi na uiarifu Bodi.

Nayo Bodi isingoje Kabete. Kijana wa Laini Saba hawezi kutumia haki ambayo hajawahi kuisikia. Tunataka malalamiko yapokelewe kwa Kiswahili na kwa simu ya kawaida, maafisa wafike mitaani kukagua maduka ya dawa za mifugo, na uamuzi ukitolewa utangazwe ili mtaa ujue nani amefungiwa. Pia tukubaliane kwamba watu huwaita matapeli kwa sababu wako karibu na ni wa bei nafuu. Kaunti ikileta chanjo mtaani mara kwa mara, biashara ya matapeli itakosa wateja.

Kwa sasa anza na lililo mikononi mwako. Kabla mtu hajamdunga mbwa wako, muulize: umesajiliwa kwa namba gani? Dawa hii ni ya nini? Chanjo hii ilikuwa kwa friji ya nani? Daktari halali atakujibu bila kukasirika. Anayeanza kukupigia kelele, mwonyeshe mlango.