Jirani wa Ballyhaunis



Nilipokwenda kumzuru binti yangu Ballyhaunis, mji mdogo wa mashambani katika kaunti ya Mayo, magharibi ya Ayalandi, nilikwenda na dukuduku. Mtoto aliyelelewa Mombasa, kwa adhana na jamaa kila upande, ataishi vipi baina ya malisho, ng'ombe na mvua?

Nilifarijika kuukuta msikiti. Kiwanda cha nyama ya halali kiliwavuta Waislamu kuja kufanya kazi huko, na mwaka 1987 ukajengwa.

Lakini moyo ulinitulia hasa jioni moja ya mwezi wa Juni, ambapo Magharibi huingia baada ya saa nne usiku. Ajuza wa nyumba ya pili, Mkristo, alibisha hodi na mkate wa moto, ule wao usiotiwa hamira. "Nimetia maziwa mala," akasema, "mafuta ya nguruwe hayamo." Kisha akampakata mjukuu wangu. Wanawe watatu wako Marekani na Uingereza. Tangu njaa kuu ya 1845, nyumba za huko zimezoea kuaga watoto. "Najua mama anavyongoja simu," akaniambia.

Tangu nirudi najiuliza. Mtaani kwetu yupo mke kijana aliyeolewa kutoka mbali, asiye na mama wala dada karibu. Mwaka wa pili huu, na sijapata kumbishia hodi.

Leo, inshallah, nitakwenda. Nawe, dada yangu, jirani yako ni nani?