Kipofu Chuoni Asinyimwe Maandishi

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepofushwa na glakoma aliniambia kuwa anaacha masomo. Dawa ya kumrudishia macho sikuwa nayo, kwani kilichoharibiwa na ugonjwa huo hakirudi. Nilimwashia TalkBack, programu iliyokuwa tayari ndani ya simu yake, isiyodai hata senti. Simu ikaanza kumsomea.

Lakini darasani alikwama. Wahadhiri humpa madokezo yaliyopigwa picha, na mara nyingi simu hushindwa kuyasoma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha. Mhadhiri, mtumie yale maandishi yenyewe uliyoyachapa. Kwako ni kazi ya dakika moja. Kwake ni shahada.