Elimu ya Mtandaoni Nayo Inahitaji Isnadi



Ndugu wasomaji, hivi karibuni kijana wetu wa nyumbani alipewa kazi na ustadhi wake wa madrasa: aandike ukurasa mmoja kuhusu Imam Bukhari. Akaingia kwenye intaneti, akanakili, na kabla ya Magharibi alikuwa amemaliza. Nilipoisoma kazi yake nikakuta ameandika kwamba Imam Bukhari alifariki mwaka 256. Nikamuuliza, "Mwanangu, Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa mwaka gani?" Akajibu haraka kuwa ni mnamo mwaka 570. "Basi Imam Bukhari alizikusanyaje hadithi zake zaidi ya miaka 300 kabla hajazaliwa?" Akanyamaza.

Kosa halikuwa la mtoto peke yake. Ukurasa alioutegemea ulitaja mwaka wa Hijria bila kusema kuwa ni wa Hijria. Imam Bukhari alizaliwa mwaka 194 H na kufariki mwaka 256 H, yaani 810 na 870 Miladi. Ilikosekana herufi moja tu, na mwanafunzi akapotea kwa karne sita.

Wapo wazazi wanaosema dawa yake ni kuwakataza watoto wasisome kamusi elezo za mtandaoni, kwa kuwa kila mtu anaweza kuandika humo. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Watoto watasoma tu, tupende tusipende, maana simu iko mkononi na vitabu vya Kiswahili ni vichache. Hali hii tunaijua zaidi sisi tunaoishi nje ya Kenya na Tanzania. Katika mitaa kama Buyenzi ya Bujumbura au Nyamirambo ya Kigali, Kiswahili ni lugha ya madrasa na ya barazani, lakini duka la vitabu vya Kiswahili si rahisi kulipata. Nchini Uganda nako baraza la mawaziri liliridhia mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wanafunzi hao wote watatafuta mahali pa kusoma. Swali ni watakuta nini.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 70,000. Ni kazi kubwa ya watu wanaojitolea bila malipo, na wanastahili shukrani. Lakini ukizifungua utaona nyingi zina mistari miwili au mitatu, na chini yake pameandikwa kuwa makala hiyo bado ni mbegu. Mbegu isiyomwagiliwa haioti. Kwa maoni yangu, tumehesabu makala vya kutosha. Sasa tuzitunze zile ambazo wanafunzi wanazisoma kweli.

Waislamu tuna hazina katika jambo hili. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakupokea maneno mpaka wajue nani kayasema, kayasikia kwa nani, na mtu huyo alikuwa mkweli kiasi gani. Hiyo ndiyo isnadi. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Makala isiyotaja chanzo ni kama hadithi isiyo na isnadi. Basi anayeandika aonyeshe kitabu, mwandishi wake na ukurasa. Anayesoma naye ashuke mpaka chini ya makala aangalie vyanzo, kisha afungue historia ya ukurasa aone umebadilishwa lini.

Tuwe waangalifu pia na majina. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwandishi wa gazeti la Al-Islah. Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, ni mwanawe. Mtu asiyeijua familia hii akiandika "Sheikh Mazrui" bila mwaka wala jina kamili, mwanafunzi atampa baba vitabu vya mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo huenda baadhi ya ndugu wasilipende. Kamusi elezo si mimbari. Ukiandika kuhusu Maulidi, eleza kwamba wapo Waislamu wanaoyasoma na wapo wanaoyapinga, na utaje hoja za kila upande kwa uadilifu. Fatwa yako iache darasani. Tukigeuza kila makala kuwa mawaidha, wahariri wengine watayafuta, na mwanafunzi asiye Mwislamu aliyekuja kujifunza ataondoka bila faida. Kuandika ukweli kwa haki nako ni daawa.

Tusinakili vitabu vya watu neno kwa neno, kwani hiyo ni dhulma kwa waliovitolea jasho. Wala tusitupie humo tafsiri ya mashine bila kuisoma. Mashine haijui tofauti ya kadhi na hakimu, na anayeaibika ni mwanafunzi aliyeiamini.

Pendekezo langu ni dogo. Kila madrasa ichague makala moja kwa mwezi. Ustadhi alete kitabu, vijana walete kompyuta au simu, na mzee anayejua historia ya mji aulizwe kitabu au gazeti gani limeihifadhi. Wakae saa mbili baada ya Asri, warekebishe tarehe, waweke vyanzo, wasahihishe lugha. Makala kumi na mbili kwa mwaka zinaonekana chache, lakini madrasa kumi zikifanya hivyo ni makala 120 ambazo mtoto anaweza kuzitegemea. Haba na haba hujaza kibaba.

Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba elimu yenye manufaa ni katika mambo yanayoendelea kumfaa mtu baada ya kufa kwake. Kijana wetu ameshaandika upya kazi yake, na safari hii ameweka H na Miladi. Jumamosi hii, Insha'Allah, tutakaa pamoja tutafute ukurasa wa kwanza wa kurekebisha. Nawe, ndugu msomaji, keti na mwanao.

Wabillahi tawfiq.