Mazutu Inakula Faida Yenu: Barua kwa Wenye Biashara wa Goma

Mama zangu mnaouza samaki Kituku, baba zangu wenye mashine za kusaga Ndosho na Katoyi, ndugu wa saluni, karakana na sekretariati za Birere,

Nawaandikia kutoka Liège, Ubelgiji, na nawaandikia kuhusu pesa. Sisi tulio huku tunatuma kidogo tunachopata kila mwezi, na tukiuliza kimefanya nini tunajibiwa: chakula, ada ya shule, esansi ya jenereta. Chakula na shule sina neno. Hiyo ya tatu inaniuma, maana haijengi kitu. Inawaka asubuhi, jioni imekwisha, kesho inadaiwa upya. Na si pesa ya kutoka huku tu inayokwenda hivyo. Iliyo nyingi hutoka kwenye faida ya duka lenyewe, kabla mwenye duka hajajilipa hata faranga.

Kazi yangu hapa ni kupanda juu ya mapaa ya maghala na viwanda vidogo kufunga paneli za jua. Nataka mjue kwa nini wafanyabiashara wa nchi hii, ambao umeme wao ni nadra kukatika, wanalipia kazi hiyo. Hesabu yao ni fupi: umeme unaoutengeneza saa sita mchana na kuutumia hapohapo ni umeme ambao hukuununua kwa mtu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na umeme Ulaya nzima, hata waliokuwa wakituona wasumbufu walianza kutupigia simu wenyewe. Na jua lao ni la kubahatisha. Desemba mchana wa hapa ni wa saa nane, na siku nyingi jua lenyewe hulioni. Kilowati moja ya paneli huku hutoa takriban kWh 950 hadi 1,000 kwa mwaka mzima. Goma, karibu kabisa na ikweta, kilowati ileile hupita kWh 1,200 hata ukihesabu mawingu ya msimu wa mvua. Jua hafifu linamlipa mtu wa Liège, na jua la Goma linapiga mabati bure huku chini yake injini inakunywa mazutu.

Najua mtasema umeme Goma upo. Upo, na nafurahi kila nikifikiria tulikotoka. Aliyekulia Goma ya delestaji, tulipokuwa tukingoja SNEL na umeme wa Ruzizi unaopitia Bukavu, anajua maana ya Matebe, kituo cha umeme wa maji cha Virunga kwenye mto Rutshuru kilichozinduliwa Desemba 2015 na chenye takriban megawati 13. Anajua pia kwamba mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha pale Ndosho mitambo ya jua ya megawati 1.3 na kuuza umeme wake mtaani. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ndiyo iliyofungua mlango huo kwa kampuni binafsi. Kwa hiyo aliye na waya asiukate. Umeme wa maji ukiwepo ni nafuu kuliko jenereta yoyote, na usiku paneli haiwezi kushindana nao.

Lakini waya ni mrefu, na unapita mahali ambapo sisi hatuna amri. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipofunguka, lava ilivuka barabara ya Rutshuru, na sehemu kubwa ya jiji ikabaki gizani kabla hatujaambiwa tukimbilie Sake. Januari 2025 mapigano yaliharibu laini, na jiji likakaa siku kadhaa bila umeme na bila maji. Siku kama hizo mfanyabiashara hapotezi taa tu. Samaki wanaoza, mteja wa fotokopi anakwenda kwingine na hakumbuki kurudi, na bei ya esansi inapanda asubuhi hiyohiyo kwa sababu kila mtu anaitafuta. Jenereta huwa ghali kuliko siku zote siku ile unayoihitaji kuliko siku zote. Paa lako halina laini ya kilomita kadhaa. Lina waya unaoshuka ukutani.

Sasa tupige hesabu, na kila mmoja aweke bei ya mtaa wake. Tuseme una sekretariati yenye kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, taa na simu za wateja za kuchaji. Jenereta yako ndogo inakunywa lita 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hizo ni lita 30. Tuseme lita ni dola 1.5. Ni dola 45 kwa wiki, au dola 2,340 kwa mwaka, na sijahesabu oili, plagi, fundi na ile jenereta mpya unayonunua kila baada ya muda mfupi. Lita 5 hizo, kwenye jenereta ndogo ya esansi, zinakupa kWh 8 au zaidi kidogo tu. Kilowati 3 za paneli, yaani paneli sita za wati 500, hutoa kWh 9 hadi 12 kwa siku ya kawaida ya Goma. Tuseme mitambo hiyo pamoja na inveta na betri ya kiasi imekugharimu dola 3,500. Usiniamini nikikwambia itafuta esansi yote, maana zipo wiki za mvua. Iondoe theluthi mbili tu. Umeokoa dola 1,560 kwa mwaka, na mitambo imejilipa katika miaka miwili na robo. Paneli nzuri huendelea kufanya kazi miaka 25 huku ikipungua nguvu kidogo kidogo. Betri na inveta utabadilisha njiani, tuseme kila baada ya miaka kumi. Na miaka ile yote iliyobaki, jua halikuletei ankara.

Kinachopandisha bei zaidi ni betri, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Nawaomba mfikiri kama dada yangu anayeuza sambaza. Wavuvi wanaingia alfajiri, samaki wasioisha asubuhi wanatiwa kwenye friza, ile ya mfuniko wa juu. Chini na pembeni mwa friza amepanga chupa za plastiki zilizojaa maji. Kuanzia saa tatu asubuhi jua linaendesha mota, friza inashuka baridi mpaka mwisho, chupa zinaganda kama mawe. Saa kumi na moja jioni mota inanyamaza. Baridi inabaki kwenye barafu ya zile chupa, na friza haifunguliwi ovyo mpaka asubuhi. Betri yake ni ndogo, ya taa na simu tu. Usiku wa biashara yake amehifadhi kwenye maji ya ziwa, ambayo hayauzwi kwa wati.

Mashine ya kusaga nayo haihitaji betri. Mota ya kilowati 7.5 ikiwashwa ghafla hudai mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na hicho ndicho kinachounguza inveta za bei rahisi na kuwafanya watu waseme jua haliwezi mashine. Siku hizi kuna kifaa kinachoipandisha mota mwendo polepole na kuifuata nguvu ya paneli: wingu likipita mota inapunguza kasi, likiondoka inarudi. Mtahitaji kilowati 10 hadi 12 za paneli, na mtasaga kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa. Mama anayeleta mihogo yake mikavu anaweza kuja mchana akijua bei ya kusaga imeshuka. Anayetaka kusagiwa saa moja jioni atasagiwa kwa umeme wa waya au kwa mazutu, na alipe bei yake.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake. Mwaka huohuo shamba la chai la Changoi, Kericho, likawa na megawati 1. Mwaka 2015 duka kubwa la Garden City, Nairobi pia, liliezeka maegesho ya magari kwa paneli za kilowati 858, kivuli kwa wateja na umeme kwa maduka. Wote hao walikuwa na waya wa taifa, na hawakuukata. Waliona kwamba kazi yao inafanyika mchana, na jua nalo hufanya kazi mchana. Tangu hapo bei ya paneli imeporomoka. Mwaka 2024 viwanda vya China viliuza wati moja kwa takriban senti 10 za dola. Mpaka ifike Goma kwa lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam, ikavuka mipaka na kulipiwa kila mahali, si senti 10 tena. Hata hivyo iko mbali sana na bei zilizotutisha miaka kumi na mitano iliyopita.

Kuna swali moja nalisikia kila nikipiga simu nyumbani, na ni la haki: nitafungaje mali juu ya paa wakati sijui kesho? Sina jibu la kutuliza moyo wa mtu aliyekimbia mara tatu. Nasema hivi tu. Usianze na kikubwa. Funga kile kitakachojilipa ndani ya miaka miwili, mitatu, si kitu cha kusubiri miaka kumi. Paneli moja ya wati 500 ina kilo 25 au zaidi kidogo, imeshikwa kwa bolti nne, na chukudu moja hubeba kadhaa. Mwenye nyumba akikuongezea kodi, unaifungua na kuondoka nayo. Mlio kwenye nyumba za kupanga mkumbuke kuandika kwenye mkataba kwamba mitambo ni yenu.

Na tafadhalini msifunge ovyo, hapa naongea kama fundi. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 uliotumia picha za setilaiti uliiweka Sake kuwa ya tano duniani kwa wingi wa radi, na Kabare, upande wa Bukavu, ikawa ya pili. Goma iko katikati ya radi hizo. Mitambo isiyo na vizuia radi pande zote mbili za inveta ni pesa iliyotupwa. Halafu kuna ardhi yenyewe. Tumejenga juu ya lava, na fimbo ya athi inayozama kwa dakika chache kwenye udongo wa Liège, kwetu inagonga jiwe. Fundi atakwambia “itatosha” na kuiacha imening'inia. Usikubali. Achimbe mtaro, alaze waya mrefu wa shaba, ajaze udongo uliosombwa, halafu apime. Mnajua pia mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo inavyokula mabati. Itakula vilevile fremu na bolti za chuma cha kawaida. Fremu ziwe za alumini, bolti za chuma kisichoshika kutu, na vumbi jeusi lipanguswe kwa maji na kitambaa laini. Nyumba ya mbao iongezewe boriti kwanza. Kabla hujalipa, paneli itolewe juani mchana, fundi apime volti na amperi mbele yako na kuzilinganisha na zilizoandikwa nyuma yake. Tunao vijana waliosomea umeme kwetu, wakiwemo waliopita Don Bosco Ngangi. Wapeni kazi hiyo, wasiachiwe wauzaji wapita njia.

Fedha ya kuanzia ni tatizo, sitalipuuza. Benki zilifunga milango Januari 2025, na hata zilipokuwa wazi hazikuwa na haraka na mwenye duka dogo. Lakini likelemba hatujafundishwa na benki. Watu wanane wa mstari mmoja wa soko, wanaotumia esansi kila siku, waweke kila wiki pesa ya lita wanazojua zitaokolewa, na zamu ya kwanza apewe mwenye friza, maana hasara yake haingoji. Sisi wa huku, badala ya kutuma dola 50 za esansi kila mwezi, tunaweza kutuma mara moja bei ya paneli na inveta, kisha tupumzike. Nimelisema hili kwenye mkutano wetu wa Wanakivu hapa Liège, na wapo waliokubali kuungana kwa ajili ya ndugu zao. Wanachotaka ni kuona hesabu ya kila mmoja, iwe ya kweli.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari, kila siku: lita ulizonunua na bei yake, saa jenereta ilizowaka, saa umeme wa waya ulizokuwepo. Piga picha ya kibandiko kilicho nyuma ya kila mashine, pale palipoandikwa wati na amperi. Piga picha ya paa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ili nione kivuli cha mti au cha nyumba ya jirani kinaangukia wapi. Mnitumie kwa simu. Nitawapigia hesabu mmoja mmoja, jioni nikitoka kazini, na ambaye paneli hazitamfaa nitamwambia hivyo.